Pua ya Mama Mkwe

Mama mkwe alifikicha jani alilodhani la mnanaa, akalileta puani, asisikie harufu yoyote.

Akafikicha jingine, hadi kidole gumba kikawa kijani. Wapi! Tangu yale mafua mazito, hata sabuni haikumnukia, naye alijipa moyo kwamba pua itarudi tu. Lakini humo bustanini mwake, katikati ya dawa zake, liliota pia gugu linalofanana na mnanaa kama pacha, na hilo humsokota mtu tumbo kutwa nzima. Kinachoyatofautisha ni harufu peke yake. Na ndani mumewe alikuwa amejikunja kitandani kwa maumivu, akisubiri kikombe chake.

Mke wa mwanawe alikuwa uani akianika nguo. Tangu aolewe hakuruhusiwa kugusa hata jani moja. Majirani wote walishaambiwa kwamba ana mkono mzito, ataua mimea ya watu.

Mama mkwe aligeukia uani.

“Mwanangu, hebu njoo uninusie hili.”

Akaja, akapangusa mikono kwenye gauni, akachuchumaa na kunusa.

“Hili silo, mama.” Akapenyeza mkono nyuma ya mchaichai, akachuma kijiti kimoja bila kusita. “Mnanaa huu hapa.”

“Nani kakufundisha?”

“Si wewe, mama? Dirisha la jikoni linatazama huku huku.”

Mama mkwe akajisogeza kwenye mkeka aliokalia, akampisha.

“Kaa, basi. Na siku nyingine uchume vya juu, vile vichanga.”