Kiapo cha Bi Mwamvita

"Leta Msahafu," alisema Bwana Bushiri, msimamizi wa nyumba, na karani wake, Yunusu, akainuka mezani.

Bi Mwamvita alikamata ukingo wa benchi. Alikuwa na miezi mitano tu katika nyumba hii ya wazee, iliyojengwa na wafanyabiashara Waislamu wa Iringa mwaka wa hamsini na tano. Miezi mitano, na tayari mashavu yalikuwa yamerudi. Uji wa moto, blanketi mbili, kitanda jirani na jiko! Kule Mbalizi alilala juu ya gunia, baridi ikimtafuna mifupa hadi alfajiri.

Lakini sheria ni msumeno. Asiye na mtoto alikaa bure. Mwenye mtoto, mtoto alipe shilingi thelathini kila mwezi, au aje amchukue mzazi wake. Thelathini! Mtu wa mshahara angezitoa, halafu nyumbani wale nini?

"Dereva wa lori alikuona Chimala ukija huku na mwanao, mwanaume mzima," alisema Bwana Bushiri. "Bibi, usinichezee. Wako wazee wanalala barazani wakikingoja kitanda chako."

"Madereva huona mengi, baba."

Karani alirudi na Msahafu. Bi Mwamvita hakuthubutu kumtazama. Kalamu ya yule ndiyo ingemrudisha kwenye gunia.

"Una udhu, mama?" karani aliuliza kwa sauti kavu.

"Ninao."

Aliogopa baridi, lakini alimwogopa Mungu zaidi. Tangu azaliwe hakuwahi kuapa uongo. Akaweka kiganja juu ya Msahafu, akayatafuta maneno yake moja moja.

"Wallahi, sina mtoto wa kunilisha."

Bwana Bushiri alimkazia macho, akamkazia tena. Mwishowe akashusha pumzi.

"Andika, karani. Hana mtoto."

Karani aliandika, akaharibu karatasi, akaomba radhi, akaandika nyingine. Bwana Bushiri akatia sahihi, akavaa kofia yake, akaenda kuswali alasiri.

Bi Mwamvita alijaribu kusimama. Karani akazunguka meza, akamshika mkono, akamwinua taratibu. Alichungulia mlangoni kwanza.

"Umepata mjukuu, mama," alinong'ona. "Wa kike. Tumempa jina lako."