Filamu Bila DJ

"Leo hatutaki sauti yako, DJ," Chifu Opicho alisema. "Leo tunataka filamu yenyewe. Wewe funga mdomo."

Mutie akaiweka maikrofoni chini. Ilikuwa bado asubuhi, lakini shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Mkewe, Ndinda, alisimama kando ya televisheni. Kibanda hicho cha video, mabati matupu na mabenchi yaliyolegea, ndicho kilichowalisha. Lakini kibanda wangejenga kingine. Mume angempata wapi mwingine? Polisi wawili waliokuja na chifu walikuwa na pingu, na mmoja alizichezesha mkononi kama funguo za nyumbani kwake.

Taabu ilianza Jumamosi alasiri, wafanyakazi walipokuwa wakirudi kutoka Industrial Area. Mutie alikuwa amejaziwa filamu mpya kwenye flashi kule Kariokor, filamu ya Kiitaliano, akaitafsiri papo hapo kama wafanyavyo ma-DJ wa filamu Eastlands nzima. Picha inapita, yeye anaeleza kwa Kiswahili. Na siku hiyo alieleza, jamani! Kwenye skrini palikuwa na kanisa kubwa, askofu mwenye kofia nyekundu, na mheshimiwa mmoja wa suti akimshika askofu mkono.

"Muoneni huyo mzee wa kofia!" Mutie alinguruma kwenye spika. "Anamwambia waziri, 'Mimi nitawahubiria watu wangu kwamba pale mtoni pana laana, wahame wenyewe bila kelele. Wewe lete tingatinga. Ardhi tugawane.' Na waziri anacheka. Hebu ona meno!"

Watu walipiga mabati ngumi kwa hasira. Walitoka wakisema hayo ndiyo mambo wakubwa wa dunia wanayotuficha, dini na serikali zinalala kitanda kimoja.

Kesho yake, katika kanisa lililo karibu na mto, Pasta Wafula alitangaza mahubiri mapya. Alisema Bwana amemwonyesha laana kwenye ukingo wa mto. Akina mama wa viti vya nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akasimama na kuuliza, "Na tingatinga linakuja lini, Pasta?" Ibada ikavunjika, na kufikia Jumanne chifu alikuwa mlangoni kwa Mutie.

"Huu ni uchochezi," chifu alisema sasa. "Filamu ya kutukana dini na serikali. Nikithibitisha ndivyo inavyosema, unalala ndani."

Alikuwa amekuja na Sista Nasike, mtawa wa zahanati, aliyesomea uuguzi Italia miaka mingi. Sista aliketi benchi la mbele, miwani puani.

Ndinda akamsogelea mumewe. "Baba Mwelu, omba msamaha mapema."

"Mama Mwelu, wacha tu."

"Si uliitafsiri vile ilivyo? Si Kiitaliano ulikijua Malindi, ukiendesha watalii?"

Mutie akachomeka flashi kwenye televisheni. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Filamu ikaanza. Kanisa likaja, askofu akaja, yule wa suti akaja na meno yake. Walizungumza kwa muda mrefu. Sista Nasike alikunja uso, akasogeza kichwa kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja na mabega yakaanza kumtikisika. Ndinda akadhani analia, akamwomba Mungu kimoyomoyo.

Kumbe mtawa alikuwa anacheka.

"Chifu, hii ni filamu ya kengele," alisema akijifuta macho.

"Kengele gani?"

"Kengele za kanisa! Huyu wa suti si waziri, ni fundi. Anamwambia askofu kengele yake ya zamani ina ufa, itabidi iyeyushwe upya. Hakuna serikali humu. Hakuna ardhi. Ni shaba tu mwanzo mpaka mwisho."

Polisi mmoja alicheka hadi akaketi. Mwenzake akarudisha pingu kiunoni.

"Baba Mwelu!" Ndinda akamgeukia mumewe. "Na Kiitaliano cha Malindi?"

"Salamu tu," Mutie akasema kwa sauti ya chini. "Salamu na bei ya samaki. Mzee, nisamehe. Mimi natunga. Nikiona wa kanzu na wa suti wameshikana mikono, najua watu watataka njama, basi nawapa njama. Yote yalitoka hapa kichwani."

Aibu iliyoje! Lakini Ndinda hakuwahi kufurahi hivyo kuolewa na mwongo. Alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Chifu alimshukuru Sista, akamtuma polisi mmoja amsindikize hadi barabarani. Polisi wa pili naye, chifu akamwambia asubiri nje. Kisha akaurudisha mlango mwenyewe na kuutia komeo. Ndinda alikuwa bado pale kando ya televisheni, ila chifu hakumtazama. Ndipo Ndinda akagundua kwamba tangu waanze kucheka, mzee huyu hakuwa ametabasamu hata kidogo.

Alikuja akaketi karibu kabisa na Mutie. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Usinidanganye, kijana wangu," alinong'ona. "Tulipopanga hayo ya mtoni, tulikuwa watatu tu chumbani. Nani kati yetu alikwambia?"