Wavulana wa Mama Justa

Rhoda aliacha kuandika mkufunzi alipoonyesha ukutani picha ya bega la mtoto mchanga. Mahali alipochomwa chanjo ya kifua kikuu palikuwa kidonda kilichochimbika kama shimo la wachimbaji wa dhahabu.

"Mtoto huyu alizaliwa bila kinga mwilini," mkufunzi aliwaambia watabibu waliojaa katika ukumbi wa semina, pale Kambarage mjini. "Chanjo hii ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwake ni hatari. Mara nyingi kasoro hii hurithiwa kwa mama na kuwapata wavulana. Mama akiwa amezika wavulana wachanga kwa maradhi yasiyoisha, mtoto mpya asichanjwe kabla ya kupimwa."

Rhoda alimkumbuka mgonjwa wake. Mama Justa alishazika wavulana wawili kwa homa na vidonda vya mdomoni. Binti yake tu ndiye mzima. Jana alijifungua mvulana katika zahanati ya Rhoda, kijijini karibu na Buseresere. Leo ilikuwa siku ya chanjo.

Alitoka mbio hadi barazani, akampigia muuguzi wake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, muuguzi akapokea.

"Shikamoo, daktari."

"Mtoto wa Mama Justa! Usimchanje!"

Nyuma ya muuguzi vichanga vilikuwa vikilia.

"Nimeshamchanja, daktari. Sasa hivi tu. Mama yake yupo hapa anamnyonyesha, anacheka."

Rhoda alirudi ukumbini, akapenya katikati ya viti bila kuomba radhi.

"Na kama ameshachanjwa?" aliuliza. "Tunafanya nini?"

Mkufunzi alimtazama usoni, kisha akazima projekta na kuchukua simu yake.

"Mama bado yupo? Mwambie asiondoke. Napiga hospitali wampime mtoto leo, na dawa za kuvizuia vijidudu hivyo zianze mapema."