Mikono Hewani

Saa kumi alasiri ndege ya kivita ilianguka baharini tena, kwenye kioo cha kompyuta. Binti aliiunda mwenyewe, uzito wote mkiani ili igeuke upesi.

"Mwanangu, umeunda ndege au feni?" baba yake aliuliza, amesimama nyuma ya kiti.

"Basi rusha wewe, Baba."

Alicheka tu. Alikuwa rubani, lakini tangu ajali yake hakuwa amegusa usukani wowote, hata wa gari.

Binti akashika usukani mdogo wa mezani, akairusha upya. Ikaanza kuzunguka kama pia.

"Achia usukani!" baba akasema.

Akaachia. Mzunguko ukaisha, pua ikaelekea chini.

"Sasa vuta!"

Binti akaiacha mikono yake hewani, akimngoja baba yake. Bahari ikakijaza kioo.

"Vuta, we mtoto!"

Mkono wenye kovu ukapita juu ya bega lake, ukashika usukani, ukavuta.