Sakafu ya Kioo kwa Bi Mwanakheri

Sheria ilitaka kila nyumba iliyo juu ya magofu ya kale iwekewe sakafu ya kioo ili mwanga ushuke, na watalii wapite chini yake kuyatazama. Ndiyo maana Shomari, mume wa Bi Mwanakheri wa Kilwa, aliacha kuvaa kikoi nyumbani.

"Leo wamenipungia mkono!" alilalamika, akivuta suruali.

"Wanatazama kisima cha kale, si wewe," mkewe alimcheka.

Asubuhi moja msanifu majengo aliyeichora sakafu ile alirudi, akaanza kupima dari ya jikoni.

"Huko juu nako kuna magofu?" Bi Mwanakheri aliuliza.

"Hakuna, mama. Tunaweka kioo kingine, watalii waone mnavyopika. Kwingine watu wameshaacha kupika hivi."

"Na sisi je?"

"Nyinyi endeleeni tu. Ila msibadilishe chochote."

Bi Mwanakheri akautazama mwiko mkononi mwake, akaogopa kuuweka chini.