Dau la Kobe

Marehemu aliweka dau la gofu saa mbili na nusu asubuhi, chai ikiwa bado inafuka mvuke.

"Yule mrefu mwenye kofia nyekundu hafiki mbali leo. Atazamisha mpira majini kabla ya shimo la tisa. Nikikosea, taja adhabu."

Simu ilikuwa yake, miwani ilikuwa yake, hata utani ulikuwa wake. Kidole tu ndicho kilichokuwa cha mjane wake, mshonaji, aliyekalia kiti cha mzee huku cherehani ikimsubiri.

"Kitendawili," alimwambia mdogo wake aliyekuwa akimenya viazi. "Hana mguu, hana mdomo, na kila Jumapili anaweka dau."

"Dada, miezi kumi na moja sasa. Mwache shemeji apumzike."

"Simwiti mimi. Anakuja mwenyewe."

Wala hakuwa akitania. Gofu hakuwahi kuijua, ila kufua soksi zilizojaa majani. Lakini akishavaa ile miwani, maneno yalimshuka kidoleni kabla hayajapita kichwani. Mara nyingine akiinuka kitini alisikia goti likilia kak, goti la mzee lile, na yake yote mawili ni mazima.

Upande wa pili wa simu alikuwa Mchanga.

Zamani mumewe alikuwa mkata nyasi kwenye uwanja wa gofu, na Mchanga fundi wa mashine za kukatia. Jumatatu wanachama hawakuja, basi wafanyakazi waliruhusiwa kucheza. Mumewe akaitwa Kobe, maana aliuzunguka mpira mara tatu kabla ya kuugusa. Mwenzake akaitwa Mchanga, maana mipira yake iliyapenda mashimo ya mchanga kuliko nyasi. Wakawekeana dau, si la pesa. Aliyeshindwa alitajiwa adhabu, na adhabu haikukataliwa. Kobe aliwahi kuzunguka mashimo yote kumi na nane amevaa shati ndani nje. Mchanga aliwahi kuupigia kila mti saluti, wapishi wakitoka jikoni kumtazama.

Kisha Mchanga akapata kazi uwanja wa mbali, akaoa huko huko. Goti la Kobe nalo likagoma. Dau likahamia kwenye simu. Kila Jumapili waliyafuata mashindano mtandaoni, kila mtu na mchezaji wake, wakipigiana simu na kuzomeana kama watoto. Baadaye Mchanga akapasuliwa koo, daktari akamkataza kusema. Akawa anaandika tu.

"Sauti imekwenda, mdomo uko pale pale!" Kobe alikuwa akisema, akicheka mpaka machozi.

Na alikufa hivyo hivyo, mchana kweupe, kwenye kiti hicho, simu mkononi na kicheko kikiwa hakijamtoka usoni. Ujumbe wa Mchanga ulikuwa unasubiri jibu: "Kobe, umelala au unaogopa?"

Mjane alitaka kuandika kwamba amefariki. Kidole kikaandika: "Kobe haogopi. Anatembea polepole tu."

Basi ikawa ndiyo hiyo. Kwa watoto, kwa majirani, kwa mdogo wake, mzee alikuwa kaburini. Duniani alibaki mtu mmoja tu ambaye kwake Kobe alikuwa hai. Mjane alijua, siku akimwambia mtu huyo ukweli, atakuwa amemzika mumewe mara ya pili, tena kwa mkono wake.

Jumapili hiyo yule mrefu hakuzamisha hata mpira mmoja. Kombe akalibeba yeye.

Mchanga akaandika: "Umeshindwa, Kobe. Adhabu yako hii. Jumatatu ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, uwanja wetu wa zamani, benchi la shimo la kwanza. Uje mwenyewe. Nina neno lisiloandikika."

"Usiende," mdogo wake alisema. "Singizia goti."

"Dau ni dau. Mzee wangu hakuwahi kukimbia adhabu, nianze mimi kumkimbizia?"

"Sasa utamwambia nini?"

"Kwamba nimemdanganya mtu mzima, tena mgonjwa. Anipige makofi akitaka."

Wiki nzima alishona mishono ya kufumua. Gauni moja alilitia mkono shingoni.

Jumatatu ilipofika, nyasi zilikuwa bado na umande. Wafanyakazi walisikika wakichekana kule mbali kwenye kidimbwi, na kila kicheko kilimfanya ageuke. Kwenye benchi palikuwa na mwanamke wa rika lake, amepakata mkoba. Wakasalimiana kwa sauti ndogo, kama watu wanaosubiri kwa daktari. Mjane akakaa pembeni, akiyarudia maneno yake moyoni. Mchanga, mimi ni mke wake. Mchanga, nisamehe.

Saa nne ikafika. Hakuna mzee aliyetokea.

Akavaa miwani ya marehemu, akaandika: "Nimefika."

Mkoba wa yule mwanamke ukatetemeka.

Mwanamke akatoa simu, akasoma, akasimama haraka. Akaangaza njia, akaangaza nyasi, mpaka kule kwenye miti. Kisha akamgeukia mjane.

"Samahani, dada yangu, hujamwona mzee mmoja anayechechemea? Nimekuja kumwomba radhi. Rafiki yake ni mume wangu, na nilimzika miaka mitatu iliyopita."