Mpaka Pombe ya Cyriaque Iive

Bakkie, pikapu ya kuhamia, ilikuwa imeshawashwa. Khatibu, fundi cherehani wa Tanga, alikuwa juu yake amekumbatia mashine, majirani wengine wamebanana kati ya magodoro. Mei ile ya 2008 kitongoji cha Alexandra kilikuwa kinafukuza wageni, na uani alibaki mmoja tu chini: Cyriaque, Mrundi, anakoroga sufuria.

"Panda, bwana wee," Khatibu akamwita. "Unataka kufa na mwiko mkononi?"

"Gaudiose kajifungua juzi. Hapandi gari, na mimi sipandi."

Bakkie ikaondoka. Vumbi halijatulia, akaingia Ntate Phasha, yaani Mzee Phasha, mwenye nyumba na mkubwa wa mtaa, na wanaume wenye marungu nyuma yake.

"Eish. Wewe bado upo."

"Napika pombe, Ntate."

Phasha akachungulia. Harufu ya kimea ikampanda puani. "Mtama?"

"Shayiri. Ni pombe ya Waingereza wa kale. Bosi wangu wa zamani, yule mzee wa Kensington, ndiye aliyenifundisha. Mtoto akizaliwa, lazima ipikwe."

"Pombe ni pombe," Phasha akasema. Akawageukia wenzake. "Ijumaa itakuwa imeiva. Tutaimba."

Wakacheka.

"Basi niacheni mpaka iive," Cyriaque akasema, mwiko hajauweka chini. "Ikiiva, mnywe pipa zima, mimi sionji hata tone. Siku hiyohiyo natoka na mke wangu na mtoto, bila kusukumwa. Kabla ya hapo mtu asiguse mlango wangu."

"Unanipa masharti kwenye uwanja wangu?"

"Nakupa. Niue, au tupeane mkono."

Phasha akawatazama watu wake. Walikuwa wanameza mate. Akatoa mkono, mbele ya wote, na alikuwa mtu wa kushika neno, hata likimkera.

Pombe ilipopoa, Cyriaque akaitia hamira, akaimimina kwenye pipa la mbao, akapiga kizibo, akalisukuma chini ya kitanda.

Khatibu alifika Tanga, anashona sare za shule. Wenye marungu, wawili walifungwa, wengine walihamia Tembisa. Gaudiose anasuka nywele Fordsburg. Phasha ana kisukari; kila Ijumaa hupita kuuliza, hujibiwa bado, huenda zake. Cyriaque yupo chumba kilekile. Sasa ni 2014, na binti yao Inès ameanza darasa la kwanza. Pombe ile Waingereza waliipika mtoto anapozaliwa, wakaifungua anapotimiza miaka ishirini na mmoja.